Uma Kama Unavyouma Siku Zote

George Washington alipoapishwa kuwa rais wa Marekani mwaka 1789, kinywani mwake lilikuwa limebaki jino moja tu la kwake. Fundi wake, John Greenwood wa New York, alimchongea meno ya bandia kwa jino la kiboko, akapachika humo na meno ya watu, na akaacha tundu la kupitishia lile moja lililosalia. Mafundi wa zama hizo walimpenda kiboko kwa sababu jino lake ni gumu kuliko pembe ya ndovu na halipigi manjano upesi. Karne iliyofuata, meno ya kiboko yalikuwa miongoni mwa bidhaa zilizopakiwa melini Unguja pamoja na pembe, karafuu na sandarusi. Nikiwasimulia wanafunzi wangu habari hii hucheka kwanza, kisha yupo mmoja atakayeuliza swali la maana: fundi alijuaje pa kukwangua?

Alitumia rangi. Alipaka rangi kwenye kielelezo cha ufizi, akakandamiza juu yake kile kipande alichokuwa akichonga, akakitoa, akatazama palipochafuka, akakwangua hapo hapo. Akapaka tena, akakwangua tena, hadi kikakaa. Karatasi ya rangi ninayomng'atisha mgonjwa leo baada ya kumziba jino ni kazi ile ile, ila imefanywa nyembamba.

Mimi ni daktari wa meno. Nilisomea Muhimbili, nikazunguka hospitali za wilaya, na siku hizi nafundisha zaidi ya ninavyotibu. Katika yote ninayofundisha, hakuna linalodharauliwa na vijana kama kukagua jinsi meno yanavyokutana baada ya kuziba. Wakishachimba, wakajaza, wakalainisha, kwao kazi imekwisha. Kesho yake mgonjwa anarudi ameshika shavu: "Daktari, jino limekuwa refu." Halijawa refu. Kizibo kimepanda kwa kiasi kisichofika unene wa unywele, na kila anapofunga kinywa jino hilo linafika kabla ya wenzake na kubeba peke yake mzigo wa kinywa kizima. Siku mbili tatu akilitafunia hivyo, nyuzi zinazolishikilia kwenye mfupa zinavimba, na hapo hata uji unauma.

Kukitafuta kiasi hicho kidogo kumewashughulisha watu kwa zaidi ya miaka 200, na wengi wao hawakukitafuta kinywani. Walikitafuta mezani.

Chanzo ni Philippe Pfaff, daktari wa meno wa Mfalme Frederick wa Pili wa Prussia. Mwaka 1756 alichapisha kitabu Berlin, humo akaeleza namna ya kuchukua chapa ya taya kwa nta na kumimina plasta ndani yake. Tangu hapo fundi aliweza kulishika taya la mteja mkononi ilhali mwenyewe yuko kwake amelala. Shida ni kwamba taya mbili za plasta zikiwekwa mezani hazijui zikutane wapi. Mfaransa J. B. Gariot, mwaka 1805, ndiye anayetajwa kwa kawaida kuwa wa kwanza kueleza dawa ya shida hiyo: alirefusha plasta nyuma ya taya zote mbili, akazikatia mfereji na ulimi ili kila zikifungwa zirudi pale pale. Mwaka 1840 Marekani ikatoa hataza za kwanza za chombo cha kuyabeba mataya hayo, na hicho ndicho atikuleta tunayoijua maabara.

Kuyafunga mataya ya plasta kwa bawaba kulikuwa hatua kubwa, lakini taya si mlango. Weka kidole mbele kidogo ya sikio lako, ufungue kinywa polepole. Utahisi kichwa cha taya kikizunguka papo hapo, kisha kinateleza kwenda mbele na chini. Sasa peleka taya kushoto: upande wa kushoto unabaki karibu pale pale, wa kulia unatoka mbio. Fundi akikutengenezea gego kwenye bawaba tupu, litakutana vizuri na mwenzake kinywa kikifungwa wima, na litagonga mara tu utakapoanza kutafuna.

Aliyelibeba tatizo hili kwa uzito alikuwa William Bonwill wa Philadelphia, na nakiri kuwa nampenda kuliko wote. Alikuwa mtu wa kuhangaika na vyombo. Ndiye aliyebuni nyundo ya sumakuumeme ya kushindilia dhahabu ndani ya meno, baada ya kuitazama mashine ya telegrafu ikigonga. Mwaka 1858 alitoa atikuleta ambayo vichwa vyake viliweza kuteleza mbele kama vya mtu. Kisha akaingia kwenye vipimo. Alipima mataya, mwenyewe alisema ni maelfu, ya watu hai na ya mafuvu, akatoka na jibu moja: kutoka kichwa kimoja cha taya hadi kingine ni inchi 4, na kutoka kila kichwa hadi mahali meno mawili ya katikati ya chini yanapogusana ni inchi 4 vilevile. Pembetatu yenye pande sawa, kwa binadamu wote. Bonwill aliiona kuwa sheria ya maumbile.

Haikuwa sheria, ilikuwa wastani. Wapo wenye inchi 4, wapo waliopungua na waliozidi, na kuna ambao upande wa kulia haulingani na wa kushoto. Lakini wastani mzuri una maisha marefu. Chukua atikuleta ya bei nafuu katika maabara yoyote ya meno, upime kwa rula kutoka bawaba hadi pini ya mbele, na mara nyingi utakuta pembetatu ya Bonwill bado iko kazini. Fundi anayeitumia huenda hajawahi kulisikia jina hilo.

Baada yake walikuja wengi. Mwaka 1890 Ferdinand Graf von Spee, mwanaanatomia wa Kiel, Ujerumani, alitazama mafuvu kwa ubavuni akaona kuwa vilele vya magego na kichwa cha taya vinakaa kwenye mpindo mmoja. George Snow wa Buffalo akatengeneza upinde wa uso, chombo kinachoshika masikioni na kwenye meno ya juu ili taya la plasta lisimamishwe kwenye atikuleta kwa umbali wa mwenye taya, si wa Bonwill. Carl Christensen wa Copenhagen, mwanzoni mwa karne ya 20, alimwambia mgonjwa asukume taya mbele akiwa ameuma nta, akaona nyuma pamebaki mwanya, na kwa mwanya huo akapima mteremko anaopitia kichwa cha taya. Alfred Gysi wa Zurich alijenga vyombo vya kurekebishika kila upande. George Monson wa Minnesota akarudi kwenye inchi 4 za Bonwill na kuzifanya nusu kipenyo cha tufe, akadai meno yote yanakaa juu ya uso wa tufe hilo.

Jambo moja husahauliwa katika masimulizi haya. Wengi wa mabwana hao walikuwa wakiwatengenezea meno watu wasio na jino hata moja. Kibao cha meno ya bandia kinakaa juu ya ufizi unaoteleza. Mtu akiuma upande wa kulia, wa kushoto unanyanyuka. Kwa hiyo walitunga kanuni kwamba anaposagia kulia, kushoto nako meno yagusane, ili kibao kitulie. Kwa bandia ni kanuni ya busara. Kisha watu wakaichukua kama ilivyo na kuihamishia kwenye meno yenye mizizi, yaliyoshikwa na mfupa na yenye hisia zake, wakaanza kusaga magego mazima ili yafuate desturi ya ubao. Kwa miaka kadhaa hiyo ndiyo ilihesabiwa kuwa sayansi.

Los Angeles ndiko fikra hizi zilikofika kileleni. Beverly McCollum aliunda jumuiya ya utafiti mwaka 1926, pamoja na Harvey Stallard, na baadaye Charles Stuart. Walikuwa wameipata njia ya kuutafuta mhimili ambao taya huuzunguka, wakauweka alama kwenye ngozi ya mgonjwa mbele ya masikio. Walinasa nyendo za taya kwa kalamu za chuma zilizofungwa kwenye meno, na vyombo vyao vikawa na skrubu za kila pembe. Mgonjwa mwenye fedha alisagwa meno karibu yote akavishwa dhahabu kinywa kizima, kila kilele kikiwa na shimo lake la kukaa. Nimewahi kuona kazi za shule hiyo kwenye picha, na ufundi wake unatia wivu. Ninachokataa ni imani iliyokuwa nyuma yake, kwamba kinywa kisichofuata mpango huo ni kinywa kigonjwa kinachosubiri kutibiwa.

Imani hiyo ilipata nguvu kutoka mahali pengine. Mwaka 1934 James Costen, daktari wa masikio na koo wa St. Louis, aliandika kuwa maumivu ya sikio, kizunguzungu na uziwi mdogo vingeweza kutokana na kupotea kwa magego, taya likarudi nyuma na kubana mishipa. Wanaanatomia walikuja kuonyesha kuwa maelezo yake ya mishipa kubanwa hayasimami. Lakini hofu ilikuwa imeshaingia: ukikosa magego, kiungo cha taya kitaharibika. Hofu hiyo ilitufikia hata sisi, ndani ya vitabu vya kiada, miongo mingi baadaye.

Mwaka 1958 Angelo D'Amico, baada ya kuchunguza mafuvu ya wenyeji wa kale wa California, alileta fundisho jingine: mlinzi wa kinywa ni chonge. Mtu anapopeleka taya upande, chonge za juu na za chini ziongoze, magego yaachane. Hapa huwa nasita na kuwaambia wanafunzi watazame Ziwa Nyanza. Kwa Wajaluo wa zamani, kijana aling'olewa meno 6 ya mbele ya chini kama alama ya kuingia utu uzima. Meno 6 maana yake ni kato 4 na chonge zote mbili. Wazee waliopitia desturi hiyo walikula samaki, ugali na nyama, wakazeeka nayo. Chonge ikilinda ni vizuri, na ninapojenga kizibo cha chonge naiachia kazi hiyo. Ila mtu akiniambia kuwa bila yake kinywa kinaanguka, namuuliza habari za Wajaluo wa Nyanza.

Waskandinavia ndio walioanza kuyarudisha mambo kinywani. Ulf Posselt wa Sweden, mwaka 1952, hakuuliza taya linapaswa kwenda wapi. Aliuliza linakwenda wapi. Alichora mipaka yote ambayo taya linaweza kuifikia, kisha ndani ya mipaka hiyo akaonyesha kuwa watu wazima wengi wakifunga kinywa kwa kawaida hawaishii kwenye ule mhimili mtakatifu wa California, bali mbele yake kidogo, kwa takribani milimita moja. Na watu hao hawakuwa wagonjwa. Baadaye wengine walihesabu muda ambao meno hugusana kwa kutafuna na kumeza katika saa 24, wakapata chini ya dakika 20. Ukiondoa wanaosaga meno usingizini, kinywa kinapumzika karibu siku nzima. Kwa kazi ya dakika 20, nadhani zile skrubu zilizidi.

Basi turudi kwenye kiti, maana hapa ndipo wanafunzi wanaponichosha na ndipo ninapotaka wachoke nami.

Ukaguzi huanza kabla ya kuchimba. Kabla ya ganzi, kabla ya mashine kuguswa, mgonjwa aume, uone meno gani yanashika. Natumia utepe wa metali wenye unene wa mikroni 8, yaani sehemu 8 kati ya elfu moja za milimita. Nauweka kati ya gego la juu na la chini, namwambia aume, navuta. Ukishikwa, yanakutana. Ukiteleza, hayakutani. Nafanya hivyo kwa jino la mbele yake na la nyuma yake, naandika kwenye faili. Nikimaliza kuziba, meno yale yale lazima yashike utepe kama mwanzo. Yakiuachia, kizibo changu kimeyanyanyua, hata kama mgonjwa anasema yuko sawa. Atasemaje vinginevyo na nusu ya uso wake imekufa ganzi?

Kisha karatasi. Meno yakaushwe kwa pamba, kwa sababu kwenye mate rangi haishiki. Karatasi nene, zile za mikroni 200, zinapaka kila kitu na kukudanganya. Nyembamba za 40 kushuka chini zinasema kweli zaidi, na kinywa chenye hisia kamili hutambua kitu cha mikroni 20 hivi, kwa hiyo karatasi nene ina macho mabovu kuliko mgonjwa mwenyewe. Nyekundu kwanza: "Gonga, gonga." Halafu nayakausha meno tena, naweka ya bluu: "Sasa saga, kushoto, rudi, kulia." Nikitoa, naona nyekundu palipogongwa na michirizi ya bluu palipokwaruzwa. Alama ya kutazama si lazima iwe ile kubwa iliyokolea. Jino linapogonga kwa nguvu husukuma rangi pembeni, na alama hubaki pete yenye kitone cheupe katikati. Kijana asiyejua huona doa kubwa akaliparura, akaiacha pete. Mgonjwa anarudi kesho.

Na mkao nao una maneno. Mgonjwa aliyelala chali taya lake hurudi nyuma. Kwa hiyo kabla ya kumwachia namketisha wima, nampa maji asukutue, nampa karatasi tena. Namwambia, "Mama, uma kama unavyouma siku zote." Hapo ndipo wengi hutoa taya mbele kama wanaopigwa picha, kwa sababu mtu akiambiwa aume kawaida husahau kawaida yake. Dawa ya kale ni kumwambia akunje ncha ya ulimi aifikishe nyuma kabisa ya kaakaa, kisha afunge. Taya linarudi lenyewe.

Zipo sasa mashine za kufanya haya. William Maness wa Boston alitoa katika miaka ya 1980 utando wenye vihisio unaoonyesha kwenye skrini jino gani limefika kwanza na kwa nguvu kiasi gani. Nimeuona ukifanya kazi, ni mzuri kwa kufundishia. Una unene wa takribani mikroni 100.

Nchi yetu, Tanzania, imeingia katika historia hii mara mbili, na mara zote mbili kwa sababu ya kukosa vifaa. Katikati ya miaka ya 1980, katika mradi wa afya ya kinywa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Jo Frencken na wenzake walianza kuziba meno vijijini bila umeme wala mashine. Walikwangua sehemu iliyooza kwa vyombo vya mkono peke yake, wakajaza saruji ya meno. Njia hiyo ilikwenda kujaribiwa Thailand na Zimbabwe miaka ya 1990, na Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa dunia nzima tarehe 7 Aprili 1994. Kinachonifurahisha ni jinsi inavyoshughulikia mkutano wa meno. Saruji hiyo, ambayo siku hizi ni glasi ayonoma, ikiwa bado laini, daktari anapaka mafuta ya mgando kwenye kidole chenye glavu, anaikandamiza juu ya jino kwa sekunde chache. Ya ziada inatoka pembeni, inaondolewa kwa kisu kidogo. Kisha karatasi ya rangi, uma, kwangua, uma tena. Mgonjwa asile kwa saa moja. Ni John Greenwood na jino lake la kiboko, chini ya mwembe wa shule ya msingi.

Mara ya pili ilikuwa ile hofu ya Costen kupelekwa mahakamani. Arnd Käyser wa Nijmegen, Uholanzi, alikuwa ameandika mwaka 1981 kuwa mtu asiye na magego ya nyuma anaweza kuishi vizuri tu, ilimradi meno ya mbele na magego madogo yapo na yanakutana. Wenzake wengi walimpinga: Waholanzi wanakula laini, na waganga wao wako jirani. Tanzania ilifaa kwa jaribio gumu zaidi, maana hapa gego likiuma hung'olewa, na bandia ya kujaza pengo ni ya wachache. Paulo Sarita wa Muhimbili, pamoja na watafiti wa Nijmegen, waliwachunguza watu 725 wenye safu fupi za meno na 125 wenye safu kamili, wakawauliza habari za kutafuna vyakula 20 vya kawaida vya Kitanzania, wakawapima na viungo vya taya. Matokeo yalitoka mwaka 2003. Wenye magego madogo yote na angalau jozi moja ya magego makubwa yanayokutana walitafuna vya kutosha. Safu fupi haikuonekana kuwaharibia viungo vya taya. Waliotaabika zaidi ni wale waliokuwa wamebakiwa na jozi mbili za magego madogo au pungufu, na kwenye viungo vya taya hatari iliongezeka kwa waliopoteza kabisa meno ya nyuma yanayokutana, upande mmoja au pande zote.

Nayatumia matokeo hayo karibu kila wiki. Juzi juzi alikuja mwalimu mstaafu akitaka meno ya plastiki ya nyuma. Nikamwamkia, akaitika, akafungua kinywa kabla sijamuuliza kitu.

"Mzee, unashindwa kula nini?"

"Nyama nakula. Mahindi ya kuchoma nakula. Muwa tu ndio umenishinda."

Nikahesabu. Jozi nne za magego madogo zinakutana, na kulia jozi moja ya magego makubwa. Utepe ulishikwa kote isipokuwa kushoto, ambako kizibo cha zamani kilichopasuka ukingo kilikuwa kikifika kabla ya wengine. Karatasi ikatoa pete yenye kitone cheupe. Nikaisawazisha, nikampa aume, aume tena, utepe ukashika pande zote. Nikamweleza kuwa bandia ya plastiki itamkusanyia makombo na kumchubua ufizi, na muwa atauonea tamaa vilevile. Akalipia kazi ya kizibo, akaondoka ananung'unika kwamba jirani yake kapewa meno sita mazima na yeye hakupewa hata moja.